Kitabu cha Samaki cha Baba

Kiponda, Unguja
Jumatano, 6 Machi 1968

Kaka yangu Usi,

Assalaam alaykum. Salamu hizi zikukute u mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na zikiwakuta mmelala zikae kitako mpaka muamke. Sisi tunajikongoja. Baba anakula kidogo na anasali kwa kukaa. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, hata mchana anapapasa ukuta. Ulimi ndio haujafunikwa: juzi kaniambia mchuzi wangu wa papa umepikwa na mtu aliyegombana na papa.

Barua hii anakuletea Bi Sichana, jirani yetu, aliyepata ruhusa ya kuja Mombasa kumwuguza bintiye. Sikuitia posta, na utaona kwa nini. Anakuletea pia kitabu cha Baba cha samaki. Baba anasema siku zake zimekaribia, na wewe ndiye mwanawe mwanamume.

Kitabu unakikumbuka. Miaka yote aliyochonga chapa za mbao kwa mpiga chapa wa mtaani, kila karatasi yenye samaki aliibandika humo kwa gundi ya utomvu wa mkanju. Karatasi za makopo ya dagaa wa Kizungu, kalenda za wauza nyuzi, tangazo la mafuta ya samaki lenye mvuvi kabeba samaki aliyemzidi urefu. Marehemu Mama akisema nyumba hii ina samaki kushinda soko zima, na kitoweo hakuna.

Ukurasa wa kwanza alibandika kazi ya mkono wake, ile karatasi ya paketi za ndoana: ngalawa, nguru anaruka, na mlingotini kile kitambaa cha wavuvi cha kutazamia upepo. Mpiga chapa alikuwa na wino wa namna mbili tu, mweusi na mwekundu, basi kitambaa kikatoka chekundu. Nani angefikiri lolote wakati ule?

Lakini baada ya Mapinduzi, kitambaa chekundu kikaonekana ni bendera ya Sultani aliyepinduliwa. Mwaka juzi ukavuma uvumi kuwa nyumba zitapekuliwa, na shoga yangu Mwatima akaniambia kuna mtu Jang'ombe ameitwa kujieleza kwa sababu ya picha ya ukutani. Kweli au uongo, sijui. Mimi nkamwaza Baba, kipofu, anaulizwa habari za bendera, na ulimi wake ule. Roho ilinitoka.

Kaka, nlikichoma. Nlikusudia kuchana ukurasa ule mmoja, wallahi. Lakini kila nlipofunua nliona wekundu: mapezi mekundu, kofia nyekundu, hata kamba mwekundu wa kwenye kalenda nlimwona kama bendera. Baba alikuwa amelala. Nkazitia kurasa zote jikoni, nkabakisha majalada. Na hao wapekuzi hawakuja, si siku ile wala siku nyingine.

Nkajaza majalada kwa kurasa za daftari, nkabandika vipande vya magazeti kwa uji wa muhogo, ili vidole vyake vikute kingo za karatasi. Tangu hapo kila baada ya alasiri nnamsomea samaki wasiokuwapo. Nkikosea ananisahihisha kuwa taa yuko baada ya kolekole, nami nnaitikia naam Baba, mtu mzima hovyo.

Nlikuwa nshakuandikia barua nyingine, ya kukuomba umfiche Baba habari hii. Nimeichana. Asubuhi Bi Sichana alikuja kuchukua mzigo, maana anasafiri kesho, nkaenda kuchemsha chai, nkawaacha wawili. Nlipomsindikiza mlangoni akashindwa kujizuia, maana siri haikai tumboni mwake. Baba kampa maneno ya kukuletea wewe:

"Mwambie Usi aandike kuwa samaki wote wamefika. Kidawa aliwachoma kwa kunihofia mimi. Kitabu kinanuka uji tangu mwaka juzi, na gundi yangu hainuki hivyo. Lakini asijue kuwa nnajua, atakufa kwa aibu."

Sijafa, ndiyo taabu. Siwezi kumwomba radhi, maana nitakuwa nimemvunjia sitara aliyonisitiri. Siwezi kunyamaza pia, maana naona moyo utanipasuka. Nlikuwa nimekaa hivyo aliponiita nikamsomee. Nkamwambia Baba, kitabu ameshakichukua Bi Sichana. Akasema anajua, nikae, nianze na nguru.

Nkakaa, nkaanza na nguru. Nlipofika kwa kolekole sauti ilikatika, akaendelea yeye, mmoja mmoja, mpaka mwisho.

Basi andika, kaka yangu, kuwa wamefika wote. Nitamsomea barua yako kwa sauti, naye ataniambia alhamdulillahi. Msalimie wifi, wabusu watoto, na utuombee dua sisi wawili tuliobaki.

Wasalaam,
nduguyo Kidawa