Kimya Kilichopigiwa Makofi

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai wewe, wifi na watoto hamjambo. Huku tunasukuma siku. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo. Habari za Baba ndizo zilizonifanya nishike kalamu, na tafadhali usizisome ukiwa kazini.

Ulipopiga simu kumpongeza kwa ile tuzo ya wanafalsafa inayotolewa na jiji, ulifurahi mno hata nikashindwa kukukatiza.

Unaujua utaratibu wao: mshindi haruhusiwi kushika karatasi. Mwanafunzi wake wa zamani humuuliza swali moja mbele ya meya, naye hujibu papo hapo. Nilimvalisha Baba koti lake la kufundishia, nikamfunga tai. Mwanafunzi, siku hizi profesa mwenye kitambi, akamuuliza ni kitu gani ambacho mtu hawezi kunyang'anywa. Baba akamtazama. Akautazama ukumbi. Akanyamaza.

Wangekuwa wauguzi au mafundi bomba, mtu angemletea maji na kumuuliza kama anajisikia vibaya. Lakini hawa ni wanafalsafa. Mmoja akaanza kutikisa kichwa taratibu, mwingine akafumba macho, mara ukumbi mzima umesimama unapiga makofi. Meya alisubiri aone wengine wanafanyaje, naye akasimama. Sasa kimya hicho kinajadiliwa magazetini, na chuo kinamwalika Baba kwenye kongamano lake. Ningecheka, kama asingekuwa baba yangu.

Kaka, Baba hakuwa na jibu kwa sababu hakulielewa swali. Nilidhani ni uzee tu, lakini daktari amesema ni ugonjwa wa kusahau, na hauna dawa.

Tukiwa kwenye gari tunarudi, alinishukuru kwa adabu, akaniuliza nimeanza lini kazi ya kumhudumia. Nikamwambia mimi ni bintiye. Akaona haya kwa niaba yangu, akabadilisha mazungumzo. Akasema atamweleza mwanawe kwamba namtunza vizuri, akakutaja wewe kwa jina lako kamili. Nimeumia, sikufichi. Mimi ndiye ninayemwogesha.

Wewe bado umo kichwani mwake. Njoo sasa, usingoje likizo. Ukishakaa naye, mwambie mimi ni nani. Huenda wewe akakuamini.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka.

Ni mimi,
Kitindamimba wenu