Mabomba ya Harusi ya Esta

Jumatatu, 6 Septemba 1954

Boliti ya tatu imekatikia ndani. Nimeitoboa kwa drili ya mkono mpaka bega limekufa ganzi.

Hiki kigari cha viti viwili Mzungu mmoja alikitelekeza gereji ninakofanya kazi kikiwa kimekufa, Bwana Jivan mwenye gereji akaniachia. Nikakivuta hadi nyumbani Miyuji, nimekifufua. Kimebaki kile chuma kinachopokea moshi wa injini. Kina ufa. Bwana Jivan anasema nikilehemu tu. Sitaki. Kinaibana injini pumzi, na milima ya Kibakwe haina mchezo. Nimeagiza mabomba manne yanayoungana kuwa moja, kama ya magari ya mashindano. Nimeyachagua mwenyewe kwenye kitabu cha picha.

Jumamosi ya wiki ijayo dada yangu Esta anaolewa na mtu wa Kibakwe. Tangu akiwa mdogo nimemwahidi kwamba siku hiyo nitampeleka mwenyewe. Si juu ya magunia kwenye lori.

Jumanne, 7 Septemba

Mabomba yamefika na treni. Mazuri kweli. Nimeyapachika, hayaingii. Moja linapita palepale unapopita mhimili wa usukani. Yametengenezwa Marekani, kwa magari yenye usukani kushoto. Wangu uko kulia. Kwenye picha sikuliona hilo, nilikuwa naangalia urembo.

Nimemweleza Bwana Jivan. Amecheka mpaka akakaa chini. Nimemchukia siku nzima.

Alhamisi, 9 Septemba

Kukunja bomba. Unalijaza mchanga mkavu, unaziba ncha, unalitia kwenye moto wa mkaa mpaka liwe jekundu, ndipo linakunjika bila kubonyea. Nimelikunja. Limezidi. Nimelinyoosha. Limerudi lilikokuwa. Nimetukana mpaka mama akatoka jikoni na mwiko.

Ijumaa, 10 Septemba

Usukani unazunguka kulia. Kushoto unagonga. Kwa hiyo naweza kumpeleka Esta popote palipo upande wa kulia.

Nimechoka.

Jumatatu, 13 Septemba

Unazunguka kote! Nimefurahi kama mjinga. Kisha nimeichukua sailensa ya zamani, ile ya kupunguza ngurumo, mdomo wake mdogo, haulipokei bomba jipya. Mjini hakuna ya saizi hiyo. Potelea mbali, nimefunga bila sailensa. Bado sijawasha, betri iko gereji inachajiwa.

Jumatano, 15 Septemba

Siku mbaya.

Ng'ombe wa mahari wamefika asubuhi, wameswagwa kwa miguu kutoka Kibakwe. Mzee Chilongani, mjomba wa bwana harusi, alikuwa anawaingiza zizini mmoja mmoja, Baba anawapokea. Mimi niko nyuma ya nyumba, betri nimeshaifunga. Nikasema niwashe kidogo tu, nisikie.

Niliwasha. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Niliipenda, kwa kufumba na kufumbua tu. Kisha nikasikia kwato. Ng'ombe wamebomoa ua wa miiba, wametimkia porini, vumbi tupu. Mzee Chilongani alibaki amesimama na fimbo yake.

"Hao walikuwa bado hawajapokelewa," akasema.

Maana yake naijua. Hakuna mahari. Hakuna mahari, hakuna harusi. Esta aliingia ndani akafunga mlango.

Alhamisi, 16 Septemba

Tumetafuta tangu alfajiri. Miguu imejaa miiba. Wamerudi wote isipokuwa mtamba mmoja mwekundu. Nilimwamkia Mzee Chilongani shikamoo, hakuitikia. Naogopa. Nikimharibia Esta, gari la nini?

Ijumaa, 17 Septemba

Mtamba amepatikana ng'ambo ya korongo, ametulia anakula mabua ya uwele ya jirani. Kama si yeye! Wamepokelewa wote upya. Harusi ipo.

Ila Mzee Chilongani ametoa sharti. Injini ile isingurume tena mpaka bibi harusi awe ameondoka, na ataondoka kwa lori la wakwe. Baba amekubali bila kunitazama. Nimechukua spana, nimelegeza boliti zote. Haya mabomba nayang'oa. Nayachukia.

Jumamosi, 18 Septemba

Ameolewa. Esta alikataa kutembea, akasema atapanda gari la kaka yake. Basi vijana wa kwaya wakalifuata nyumbani, wakalileta kanisani kwa kulisukuma, wakalisukuma tena hadi nyumbani, naye Esta ndani. Mimi nimeshika usukani, unakwenda vizuri, kulia na kushoto, na hakisikiki kitu ila vigelegele na matairi kwenye mchanga. Nilikuwa na aibu ya kutosha kunizika.

Tulipokaribia zizi akaniinamia.

"Kaka, mabomba usiyatoe."

Nikamwambia yamemharibia.

"Kibakwe simjui mtu. Siku ukija, nataka nikusikie ukiwa bado mlimani. Nibandike chai."

Lori lilikuja saa nane. Mbele alikaa Mzee Chilongani. Esta alipanda nyuma, juu ya magunia, shela ameikusanya mapajani. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Jumapili, 19 Septemba

Nyumba kimya. Nimetoka kanisani, nimevua shati, nimezikaza boliti zote.

Baba alikuja akasimama nyuma yangu. Akauliza kama sauti ile inafika mbali, kama Esta ataisikia. Nikasema inafika.

Akarudi zizini kwa ng'ombe.