Mlango wa Karakana

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa mama,
Jumapili mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na lile goti limepunguza ukorofi. Sisi hatujambo. Mama bado anabishana na redio, na redio bado haijamshinda.

Sasa nikupe habari kabla hazijanipasua. Wiki mbili zilizopita fundi wa vifungo alituburuta sote wa karakana ya ushonaji kwenda kutazama filamu ya maisha ya mwanamke mmoja mtetezi wa haki. Enzi zake watu wa rangi yake walizuiwa kupiga kura. Alipokwenda kujiandikisha peke yake, alitimuliwa, na kazini akafukuzwa. Ukumbi mzima unalia, sisi mafundi tunabishana kuhusu pindo la gauni lake, eti enzi zile nani alikunja hivyo! Watu wa nyuma wakatukaripia. Unatujua.

Lakini aliporudi mara ya pili na wanawake wa mtaa mzima, nilinyamaza mwenyewe. Nilikuona wewe, Shangazi. Ulimwomba msimamizi asitufungie mlango kwa nje tukiwa kazini, maana moto ukitokea tungeteketea humo ndani. Ulisema peke yako, ukafukuzwa, mlango ukaendelea kufungwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tulipanga mambo palepale nje ya ukumbi. Jumatatu, Kufuli (bado tunamwita msimamizi hivyo, na bado hajui) alipofunga tu mlango, sote tukaondoa miguu kwenye vyerehani. Wa kola, wa mikono, wa vifungo, sote kimya. Mtu yule amezoea kelele zetu. Akafungua mbiombio akidhani umeme umekatika.

"Kuna nini humu?"

"Mlango ukae wazi, tushone," nikamjibu.

Akafoka kwamba atatufukuza sote. Yule mama wa kola, mpole unayemjua, akamsogezea kiti chake: "Haya, kaa basi ushone wewe. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, na sare hazina kola."

Shangazi, nilicheka hadi machozi! Kufuli akatoka kwenda kumpigia simu mwenye karakana. Aliporudi alikuwa amenywea. Akachomoa kufuli, akalitia mfukoni, na tangu siku ile mlango uko wazi. Sare tulizimaliza mapema.

Kile kiti chako cha mlangoni, ambacho watu walikikwepa kwa sababu Kufuli alisimama nyuma ya mlango siku nzima akitusikiliza, sasa kinagombaniwa kwa ajili ya upepo. Nimewakatalia wote. Juzi mwenye karakana mwenyewe alikuja kutuambia anaongeza mafundi, akauliza kile kitupu ampe nani. Nikamwambia kina mwenyewe. Akauliza ni nani, nikakutaja, na wenzangu wote wakainua macho wakamtazama. Alikohoa kidogo, kisha akasema uje.

Wasalimie sana mjomba na wale mapacha watundu, mwambie na bibi kwamba mama anamkumbuka. Mungu akulinde njiani, maana najua utakuja. Kiti nimeshakifuta vumbi.

Ni mimi nikupendaye,
Binti wa kaka yako.