Aliyemwita Baba kwa Sifa za Ukoo

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bulawayo

Jina: Sithembile Hadebe. Umri: miaka 46. Kazi: mwenye karakana ya kushona sare za shule. Makazi: Nkulumane.

Nimempoteza baba yangu mzazi, Phineas Hadebe, miaka 78, leo Jumapili tarehe 14 Septemba, baada ya saa sita mchana, ndani ya bustani ya zamani ya mjini.

Baba alikuwa dereva wa treni. Kumbukumbu zimemtoka, hata mimi huniita kwa jina la dada yake. Kila Jumapili nampeleka kutazama treni ndogo ya watoto. Huketi benchini akimkosoa dereva mpaka watu wacheke: "We kijana, punguza mwendo, hapo kuna kona!"

Leo foleni ya tiketi ilikuwa ndefu. Nilimwacha benchini karibu na lango la bwawa la kuogelea, nikamwambia bawabu, Bw. Sibanda, aniangalizie mzee. Akanijibu, "Nenda tu, MaHadebe. Huyu haondoki bila treni yake."

Niliporudi, benchi lilikuwa tupu. Bawabu akatabasamu. "Kaka yako kamchukua."

Nikamwambia sina kaka. Tabasamu likamwisha.

Alinieleza kuwa kijana wa shati la kijani alisimama mbele ya baba akaita, "Bhungane! Mthimkhulu!" Baba akainuka wima, akampa mkono. "Sasa MaHadebe," bawabu akasema, "mtu anamsifu mzee kwa ukoo wake vile, halafu mimi nimdai kitambulisho?"

Afande, Hadebe yeyote husifiwa hivyo, na mji mzima unajua. Na jina Hadebe nimelishona mimi mwenyewe kifuani mwa koti la baba, kwa uzi mwekundu, ili akipotea asomwe, arudishwe. Nililishona vizuri. Linasomeka kutoka mbali.

Nimetafuta bwawani, kwenye bembea, vichakani, hadi vyoo vya wanaume. Hayupo.

Baba ana kisukari. Sindano yake ni saa kumi na mbili jioni.

Mimi bawabu aliniambia walitoka kwa miguu. Mbele yako, ulipomhoji hapa kituoni, amesema waliingia gari jeupe. Kama ni miguu, washonaji wangu kumi na mmoja wako hapo nje, nitawagawia mitaa sasa hivi. Kama ni gari, hao hawanifai kitu; nataka barabara zizuiwe.

Niliyoyasema ni kweli na nimeyasema kwa hiari yangu. Ila nisiambiwe "tunafuatilia." Bawabu aseme: miguu au gari? Nipewe jibu hilo kabla ya saa kumi na moja leo.

Saini: S. Hadebe

Maelezo yameandikwa nami, Sajenti Mlotshwa, yakaisha saa tisa na dakika arobaini alasiri. Shahidi amesomewa, amekubali, ametia saini. Amekataa kwenda nyumbani. Ameweka mezani pangu kifuko cha barafu chenye sindano, ameketi anakitazama. Nimeagiza bawabu arudishwe.