Kaburi nililowaficha

Papa Nsimire, mume wangu,

Huko uliko, kaa chini kwanza. Nitasema mara moja, na usinikatize kama ulivyozoea.

Unakumbuka kilima chetu cha Mwenga? Ulikuwa unashuka mutoni na karai yako kutafuta dhahabu, miye nabaki na jembe. Chakula kikiiva, ndiyo saa ya kula. Kisha kampuni ikaleta mashini, na sireni yao ikaanza kutuambia saa ya kula. Ukavaa kaske, ile kofia ngumu ya kazi, ukatembea kama shefu. Nilikucheka: “Papa, na kulala utalala nayo?” Ukanijibu: “Nyamaza, maman, sasa tuko watu wa mushahara.”

Watu wa kampuni wakaja kuhesabu makaburi ya kuhamisha, maana kilima kilikuwa cha kukatwa. Wewe ulikuwa kazini. Niliwaonesha la baba yako na la mama yako. Wakauliza: “Ni hayo tu, maman?” Nikasema ni hayo.

Mutoto wetu wa kwanza, yule aliyekufa mbele ya kupewa jina, tulimuzika sisi wawili nyuma ya nyumba, chini ya migomba, bila musalaba. Kwetu mutoto kama huyo hatajwi mbele ya wageni. Na wale walikuwa vijana wa karatasi, wanatafuna chingamu!

Siku ya kuhamisha mifupa ulirudi jioni, ukauliza: “Na wetu mudogo?” Nikasema: “Iko pembeni ya mama yako.” Niliogopa utaitupa ile kaske na mushahara pamoja. Ukashusha pumzi, ukala. Umekufa ukiamini hivyo.

Sasa niko mujini, Kadutu, kwa binti yetu Nsimire. Chini ya nyumba kuna mashini ya kusaga unga. Asubuhi ikiwaka, ukuta unatetemeka, na miye naupigapiga polepole kwa mukono mupaka utulie. Wajukuu wanacheka: “Koko anabembeleza nyumba!” Wacheke, wajinga hao.

Kilima hakiko tena, iko shimo. Kama ulimutafuta mudogo wetu pembeni ya mama yako na hukumupata, kosa ni langu. Na lako pia kidogo, wewe na kaske yako. Kasirika. Ukimaliza kukasirika, nenda umutoe mule shimoni. Miye nilienda, walinzi wakaniuliza kadi ya kuingilia, wakanirudisha kwenye senyenge kama mbuzi. Lakini wewe, Papa, nani atakuuliza kadi?

Muke wako, mama ya watoto saba, si sita.