Ng'ombe Nje ya Lango

Buswelu, Mwanza
14 Agosti 1994

Dada yangu Prudencia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Nimezeekea Mwanza, na bado ndizi za sokoni hapa zinanifanya ninune. Hilo unalijua, siongezi.

Najua unasubiri habari za binti yetu Kemilembe na yule Msukuma wa Kisesa, Mihayo. Tuliahidiana kwamba sitapokea mahari mpaka wewe, shangazi yake, uje umwone kijana kwa macho yako. Ahadi hiyo niliishika vizuri sana hadi mwezi uliopita.

Jumamosi moja baba yake Mihayo, Mzee Shimba, alitokea bila taarifa na Mihayo, ndugu zake na kundi la ng'ombe, akiimba. Nilimwambia kwa adabu zote kwamba sikumwita. Akajibu kwamba hata ng'ombe wake hawakuitwa, ila wana akili, wanaijua nyumba yenye binti. Tukiwa bado tunabishana, ng'ombe mmoja akatumbukia kwenye msingi uliochimbwa na jirani yangu, maana tangu hili soko huria kila muuza mitumba anajenga Buswelu. Wakamvuta juu kwa kamba. Miguu ya nyuma ilikuwa imekufa ganzi, anaiburuta kama magunia.

Kemilembe alifuatwa kwenye kituo cha utafiti wa mifugo, akaja mbio na sanduku lake. Utafiti wake ni huu: wenzake wa ng'ambo wanajaribu, kwa panya na paka wa maabara, dawa ya kutuliza uvimbe kwenye uti wa mgongo ulioumia, na wanadai inafaa tu ikidungwa mapema, saa chache baada ya kuumia. Yeye anataka kujua kama ni hivyo kwa ng'ombe waliopata ajali. Sharti lake ni moja: mwenye mnyama atamke ridhaa mbele ya mashahidi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Shimba alisema ng'ombe akishatoka zizini kwa ajili ya mahari si wake tena, na akimwita wake ni sawa na kuivunja posa. Nami nikasema ng'ombe ambaye hajavuka lango langu hawezi kuwa wangu. Mnyama mwenyewe alikuwa amelala nje kidogo tu ya lango. Shimba akaniita mkwe. Nikamwomba aniite Mzee Lwakatare. Akasema sawa, Mzee Lwakatare mkwe. Ndugu zake walicheka mpaka mmoja akakalia siafu.

Kemilembe alituambia, kwa sauti ileile ya marehemu mama yake, kwamba uti wa mgongo hausubiri kikao cha wazee.  Mihayo alikuwa amepiga magoti vumbini, amekipakata kichwa cha ng'ombe, akimfukuzia nzi.

Sasa dada, keti. Nilisema, na jirani alisikia: huyu ng'ombe ni wangu, mdunge. Kabla Kemilembe hajachomoa sindano, ndugu wa Shimba walikuwa wameshawaswaga wengine wote hadi uani kwangu, wakishangilia. Mahari imepokelewa, na aliyeipokea ni mimi.

Ng'ombe alisimama baada ya siku chache. Nilizunguka mtaa mzima nikiisifu sayansi. Kumbe alikuwa mnyama wa mwisho wa utafiti, na wiki hii wamefunua siri: nusu ya wanyama walidungwa dawa, nusu maji ya chumvi, na hata mdungaji hakujua yupi kapata nini. Wangu alipata maji ya chumvi. Amepona mwenyewe tu. Nikamwambia Kemilembe kwamba basi nimemwoza kwa maji ya chumvi. Akasema huyo ndiye ng'ombe wake wa thamani kuliko wote, maana bila wa namna hiyo angeipa dawa sifa isiyo yake. Akacheka sana. Sijamwona akicheka hivyo tangu tumzike mama yake.

Haki yako ya kukataa iko palepale. Njoo umwone kijana. Ukimkataa, sitabisha; ila utawaswaga ng'ombe hao mwenyewe hadi Kisesa, na ujihadhari na yule aliyeanguka. Miguu ya nyuma imepona kabisa. Anapiga mateke.

Wasalimie wote wa nyumbani. Wanaoniulizia waambie bado napumua.

Mdogo wako,
Renatus Lwakatare