Kiputo cha Kwanza

Alhamisi, 15 Novemba 2012

Chupa imefika! Ya chuma, nzito kama mtoto aliyelala. Ndani mna mafuta ghafi ya kisima cha Uganda, bado yana gesi yake. Wateja wanataka kuona kama maabara yetu ndogo inajua kazi. Vipimo vyetu vikilingana na vyao, tunapata mkataba. Visipolingana, Donat atafunga mlango. Amesema hivyo bila kunitazama. Yeye ndiye injinia na mwenye maabara. Mimi ni fundi wake — na ndimi mfanyakazi pekee.

Mafuta tumeyahamishia kwenye seli, silinda nene yenye kidirisha cha kioo, inayokaa ndani ya beseni la maji ya moto. Kazi yenyewe ni uvumilivu. Napunguza presha kidogo, natikisa, nasubiri yatulie, nasoma ujazo. Halafu tena. Mpaka kidirishani kitokee kiputo cha kwanza: hapo gesi inaanza kuyaaga mafuta. Presha ya wakati huo ndiyo wanayoitaka. Ukiiachia gesi nje, basi. Yanabaki mafuta mafu, na chupa ya pili hakuna.

Sheria ya ua wetu: moto hauingii. Hata Donat sigara yake anaivutia barabarani.

Jioni nimempigia Mama. Yuko kambini Kanyaruchinya tangu yeye na majirani walipokimbia vita Kiwanja. Nimemwambia tena aje kwangu Majengo. Akacheka. Kachumba kako kamoja, akasema, jirani Léocadie na watoto wake nitawaweka wapi, juu ya kabati? Walitoka pamoja, watarudi pamoja. Kichwa kigumu! Najua changu nimekirithi wapi.

Jumamosi, 17 Novemba

Wanasema Kibumba imeanguka mikononi mwa waasi. Umeme umekatika. Beseni likaanza kupoa, na mafuta yakipoa vipimo vyote ni uongo. Mama Rosette, muuza mikate wa ng'ambo ya barabara, akanichemshia maji kwenye mbabula yake ya makaa. Nimeshinda nikivuka barabara na sufuria, kama mkwe mpya anayetafuta sifa. Akaniuliza ninapika nini humo ndani. Mafuta, nikasema. Mafuta gani haya yasiyoiva?

Tatizo: kupoa na kupata moto tena kumelegeza mpira unaoziba seli. Nasikia harufu ya gesi. Nimekaza. Bado naisikia.

Kiputo bado. Lakini niko karibu, namba zimeanza kubadilika mwendo. Mama nimemwambia kesho baada ya misa nakuja kumchukua, hata kwa nguvu. Njoo, akasema, lakini uje na gari kubwa.

Jumapili, 18 Novemba

Hakuna misa. Hakuna kambi tena! Mabomu yamesogea, kambi nzima imeshuka mjini. Magodoro vichwani, mbuzi, watoto wamefungwa kamba mkononi wasipotee. Simu ya Mama haipatikani.

Nimesimama kando ya barabara nikitazama nyuso. Kila mama mfupi mwenye kitenge cha kijani alikuwa yeye, halafu si yeye. Kisha nikarudi kubadilisha maji ya beseni. Naandika ili nisijidanganye: nilirudi kwa ajili ya seli. Naona haya.

Donat amepiga simu, amevuka mpaka, yuko Gisenyi na familia yake. "Usifungulie mutu mulango, Kaswera. Maliza kazi. Chupa iko moja tu." Na mama yangu? Simu ikakatika. Au aliikata.

Mama Rosette naye ameondoka. Ameniachia thermos zake, zimejaa maji ya moto. Mungu ambariki.

Jumatatu, 19 Novemba

Mama yuko hai!

Aligonga geti asubuhi. Alikumbuka nilivyomwambia: geti la bluu, mbele ya mama wa mikate. Nyuma yake Léocadie na watoto, muzee Habarurema na fimbo yake, na nusu ya majirani wa Kiwanja. Nikamvuta mkono aingie. Akagoma.

"Siwezi ingia miye peke yangu. Tuko wote."

Nikafungua geti lote. Nililia kidogo, sijali.

Nilipoingia kutazama beseni, nikasikia kuni zinavunjwa. Nikatoka nje — Léocadie amepanga mafiga matatu ya mawe ya volkano, ameinama, kiberiti mkononi. Nilipiga kelele kama niliyemwona mwizi. Ikabidi nieleze: gesi, mpira unaovuja, cheche moja tu. Muzee Habarurema akatikisa kichwa. "Tumekimbia bomu, tumekuja kulala na ingine."

Kupikia barabarani haiwezekani, askari wanakimbia huko na huko wakipora. Kwangu Majengo ndiko risasi zinakotoka. Watoto hawajala tangu jana. Mtoto mdogo wa Léocadie analamba unga mbichi kwenye kiganja cha mama yake.

Njia iko moja: kuitoa gesi yote kwa bomba mpaka nyuma ya ua, kungoja harufu iishe, ndipo wawashe. Na hapo hakuna kipimo, hakuna mkataba. Hakuna maabara. Miaka yote ile ya shule Mama aliilipa kwa maharagwe.

Mama amekusanya viberiti vya wote, amevifunga kwenye pindo la kitenge na kuvikalia. Hakuna atakayewasha mpaka mimi niseme. Nimemwambia bado kidogo, maji ya thermos yanatosha, labda kiputo kitatokea kabla ya jioni.

"Kule Kiwanja pia walituambia bado kidogo," akasema. Hakukasirika. Alisema tu.

Saa tisa. Mizinga upande wa uwanja wa ndege. Nimefunga bomba kwenye seli, nimelilaza mpaka ukutani. Nangoja upepo ugeuke tu, usiturudishie gesi uani. Mama amesimama nje, ameinua ncha ya kitenge aone kinapepea wapi.

"Sasa upepo unaenda ziwani!"

Kidirishani, juu kabisa, kuna kitu cha mviringo. Kidogo sana. Kinatetemeka. Kinaweza kuwa kivuli. Nikitikisa na kusubiri nitajua.

Mtoto wa Léocadie ameacha kulia.

Mkono wangu mmoja uko kwenye valvu ya bomba, unaanza kuifungua. Manometa ya presha sijaitazama —